Mikono ya Shemeji Kwenye Runinga

Dada yangu hasikii tangu utotoni. Homa ya uti wa mgongo ilimkuta kabla hajaanza shule, ikamwachia uhai na kuondoka na masikio yake. Nyumbani kwetu Ngara tulisema Kihangaza, shuleni Kiswahili, na yeye tulizungumza naye kwa mikono. Kwanza kwa alama tulizojitungia jikoni, baadaye kwa zile alizorudi nazo kutoka shule ya viziwi. Huko ndiko alikokutana na mumewe, naye kiziwi, mtoto wa familia ya Warundi iliyobaki ikilima karibu na Lukole baada ya kambi ya wakimbizi kufungwa. Walipooana walihamia Biharamulo mjini. Shemeji alikuwa seremala, dada alikuwa akishona nguo.

Macho ya dada yalikuwa yameanza kufifia, naye ameshaacha kushona, wakati figo za shemeji ziliposhindwa kazi. Wakampeleka Mwanza, hospitali kubwa, awe anasafishwa damu. Aliandamana na kaka yake mkubwa, mtu mwema sana, ila alama alizojua zilikuwa chache: chakula, maji, maumivu. Dada alibaki nyumbani. Walijaribu kuonana kwa simu, lakini mikono ya mumewe kwenye kile kioo ilikuwa midogo mno kwake. Alikuwa akiisogeza simu mpaka inagusa pua, halafu anaiweka chini.

Mimi nafanya kazi mpakani Rusumo, katika ofisi ya mawakala wa forodha, nikitunza kompyuta zao. Tulikuwa na kompyuta moja ndogo, bodi tupu isiyozidi kiganja cha mkono, iliyokuwa ikionyesha ukutani zamu za malori. Ofisi iliponunua kubwa zaidi, nilimwomba bosi ile ndogo, akanipa. Nikatafuta kamera, nikafunga vyote katika kitenge, nikaenda navyo Biharamulo. Nilikusudia kuviunganisha na runinga ya dada, ili amwone mumewe kwa ukubwa wa mtu.

Mara ya kwanza picha ilipotokea, dada alisimama. Shemeji alikuwa ameketi kitandani, amekonda, anatabasamu. Akainua mikono kusema neno, na hapo hapo picha ikaganda. Ilipoachia, mikono ilikuwa mahali pengine kabisa, sentensi imeshapita. Ikaganda tena. Sauti yake ningeweza kuisikia vizuri kama angekuwa na maneno ya kutamka. Sauti haikukwama hata kidogo. Lakini kwao picha ndiyo kauli. Dada alinigeukia akanieleza kwa alama, taratibu, kama anayemweleza mtoto: "Anasema, na mimi nashika vipande tu."

Nililaumu mtandao, kama kila mtu anavyofanya. Nikahamisha ruta, kile kisanduku cha intaneti, dirishani, chumbani kwa dada, ambako minara inashika vizuri. Haikusaidia. Kisha nikapima spidi kwa simu yangu nikiwa sebuleni, kando ya runinga. Ilikuwa nzuri. Basi intaneti ilikuwa inafika mpaka pale pale kompyuta ilipo, ila kompyuta yenyewe haiipati. Nilidhani umeme hauitoshi, nikabadilisha chaja nikaweka yenye nguvu. Hali ile ile. Nikakumbuka kwamba kompyuta hizi huwa na tabia ya kuzisinzisha waifai zake ili kubana umeme. Nikaingia kwenye mipangilio nikaizuia isisinzie. Ikawa afadhali kidogo, sentensi fupi zikapita nzima, kisha ikarudia kukwama.

Jumapili jioni ilibidi nirudi kazini. Nilipokuwa Lusahunga nikisubiri usafiri wa kwenda Rusumo, madereva wa malori wakinunua mahindi ya kuchoma na kuongea kwa simu na wake zao mbali huko, nilijikuta nawaonea wivu. Mtu anaongea na huku anatafuna, anatazama kwingine, hata hajali. Dada yangu akipepesa macho tu, amekosa neno.

Wiki iliyofuata kaka wa shemeji alinipigia. Alisema mgonjwa amedhoofika, na kwamba kila siku anafanya alama moja ndefu ambayo yeye haielewi, anaifanya mpaka machozi yanamtoka. Nikaomba ruhusa nikarudi Biharamulo na waya wa mtandao niliouazima ofisini.

Waya ulikuwa mfupi. Niliing'oa bodi sebuleni nikaipeleka chumbani, nikaichomeka moja kwa moja kwenye ruta. Spidi ikawa ya ajabu. Nikachomoa waya, nikaiacha kwenye waifai, bado ikawa nzuri. Nikasema basi, tatizo ni umbali na kuta. Nikairudisha sebuleni kwenye runinga ili nilithibitishe hilo, na bado ikawa nzuri. Pale nikachanganyikiwa. Kila kitu kilikuwa kama mwanzo, na ugonjwa haupo.

Nikiwa nimekaa sakafuni natazama namba za vipimo, dada alikuja akapiga magoti kando yangu. Alishika waya wa diski ndogo aliyoihamisha kutoka kwenye runinga na kuiacha imechomekwa kwenye bodi tangu siku ya kwanza, ambayo mimi niliichomoa wakati wa kuhama. Ndani yake mlikuwa na video ya harusi yao. Tangu shemeji aende Mwanza, alikuwa akiitazama kila akimaliza kazi zake. Akaichomeka tena mahali pake. Namba mbele yangu zikaanguka.

Nikaichomoa, zikapanda. Nikaichomeka; zikaanguka. Dada alinipiga mkono. Alidhani nataka kumfutia harusi yake. Nilimshika mikono kwanza, ndipo nikamweleza. Kuna diski ambazo, zikichomekwa kwenye tundu la kasi, hutoa kelele katika mawimbi yale yale ambayo waifai huyatumia. Hatuisikii, lakini waifai iliyo karibu yake haiwezi kusikia kitu kingine. Sikuwa na alama ya neno "mawimbi", na nilipofika kwenye kelele niliona aibu kidogo kumwelezea yeye jambo hilo. Alinielewa upesi kuliko nilivyotazamia. Nikaihamisha diski kutoka tundu la bluu hadi jeusi, lile la mwendo mdogo. Namba zilibaki juu, na harusi yake ikabaki salama.

Tulimpata shemeji saa kumi alasiri. Kaka yake aliiegemeza simu kwenye chupa ya maji ili mikono yote ya mgonjwa ionekane. Nilitazama sentensi ya kwanza tu, kuhakikisha inapita nzima. Alimwuliza mkewe kama amekula. Nikageuka nikaelekea ukutani, kwa sababu watu wanaosema kwa mikono ukitaka kuwaachia faragha yao huna budi kuwapa mgongo. Nilisikia viganja vikigusana, pumzi, na mara moja kicheko cha dada kisicho na sauti, kinachotoka puani. Walizungumza mpaka jua likahama dirishani.

Shemeji alifariki wiki hiyo hiyo, kabla ya zamu yake nyingine ya kusafishwa damu.

Wazee wa familia yake walikutana nyumbani kwa dada. Wengine walitaka azikwe Biharamulo alikojenga. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba, kisha nikaomba dada asikilizwe, mimi nikitafsiri. Alisimama katikati akafanya ile alama ndefu. Ilianzia kifuani, ikapanda kama mlima, ikashuka, ikaishia kwenye ardhi karibu na kisigino.

"Mume wangu alisema azikwe Lukole, kando ya mama yake," nikatafsiri.

Kaka mkubwa wa marehemu aliinua kichwa. Alikuwa ameiona alama ile kwa majuma. Alimwuliza dada kwa upole, "Shemeji, una hakika hukukosea? Picha zile zilikuwa zinakatika."

Nikamfikishia swali. Dada alijibu kwa mikono. Nikasema kwa sauti kile alichosema: "Siku ile haikukatika. Nilimwona mume wangu akisema mwanzo mpaka mwisho, nikamrudishia alama yake, akasema ndiyo."

Hakuna aliyebisha tena. Tulimzika Lukole, kwenye shamba la familia, mvua ndogo ikinyesha. Wanawake wa ukoo walimpokea dada kwa Kirundi, lugha ambayo hakuwahi kuisikia, wakamshika huku na huku. Alikaa kwao mpaka matanga yakaisha. Niliporudi kumchukua, nilimkuta uani na mama mdogo wa marehemu wakichambua maharage. Mama yule alikuwa ameshajifunza alama ya "chumvi", "kesho" na "kaa", naye alikuwa akimfanyia hiyo ya mwisho, tena na tena.