Maneno ya Kyalo na kisiki nilichomwagilia maji

Wiki ya tano tangu tumzike Kyalo, na mimi bado nakataa. Jana nimepiga simu yake. Ikaita. Mkewe Mwende akashika, akasema, "Anko, ni mimi." Nikakosa la kusema. Mimi, kukosa la kusema. Wanaonijua washike ukuta.

Kwa wasiomjua, Kyalo ni yule fundi wa simu wa kibanda cha bluu pale Machakos mjini. Simu ikianguka kwa choo, yeye anaifufua.

Na mimi mnanijua. Nimewaambia vile niliua chui na mpini wa jembe. Nimewaambia vile nusu ya Nairobi imejengwa na simiti niliyochanganya Athi River, na mkono mmoja. Chekeni. Ya leo niko na shahidi.

Miaka yote tukimcheka, Kyalo alikuwa ananunua bitcoin kidogo kidogo. Ya Mwende na watoto. Siku moja akaja kwangu Kathiani na kidude kama flash disk, kwa sababu mjini kuna macho mengi. "Anko, hii inaitwa wallet. Pesa haiko ndani. Ndani iko ufunguo."

Tukakaa mezani tukila muthokoi yetu, mahindi na maharagwe. Akaweka PIN, akaniambia niangalie kando. Kidude kikaanza kutoa maneno ya Kiingereza, moja moja, mpaka ishirini na nne, yeye anaandika kwa karatasi. Kidude kikipotea au kikifutika, mwenye hayo maneno, kwa mpangilio wake, anarudisha kila kitu. Asiye nayo hapati kitu hata akilie wapi.

Mimi nikapiga karatasi picha. Nilitaka tu group ya ukoo ione teknolojia imefika kwa boma langu.

Kyalo akaweka kijiko chini. "Anko, umefanya nini?"

"Picha tu."

"Ikishaingia kwa simu, hiyo ni ya kila mtu."

Akafuta picha, akachoma karatasi kwa jiko, akafuta kidude, akaanza upya na maneno mengine. Hakunigombeza hata kidogo. Hiyo ndiyo iliniuma.

Halafu hayo maneno mapya akanipa mimi. Karatasi yake angeizika kwa mkebe, lakini huku kwetu mchwa ni wengi, alitaka na kichwa cha mtu. Akaniambia ni ya Mwende peke yake. Nikamuuliza, na vile nimekosea sasa hivi, mbona mimi?

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Anko, wewe hata ukisema ukweli, nani ataamini?"

Shule niliachia darasa la sita, lakini niko na michungwa kwa matuta, kutoka juu mpaka chini. Kila mchungwa nikaupa neno lake. Kila asubuhi nashuka na mtungi nikisalimia, good morning Ladder, good morning Pumpkin. Majirani wakasema Anko amerukwa na akili.

Mti wa kumi na saba, Umbrella, ulikauka. Nikaukata, lakini kisiki nikaendelea kukimwagilia. Mama Ndinda wangu akaniuliza, "Baba Ndinda, hicho unangoja kizae nini?" Nikamwambia machungwa ya dhahabu. Akaenda zake.

Presha ilimchukua Kyalo kwa siku mbili tu.

Mkebe ulipofukuliwa, mchwa walikuwa wamemaliza karatasi. Wallet ilishachukuliwa na kaka yake Muinde, kaburi halijakauka. Akajaribu PIN. Mwaka wa kuzaliwa, namba ya plot, kila kitu, mpaka kidude kikajifuta. Ndipo akanijia, amesikia nilikuwa na Kyalo ile siku. "Toa hayo maneno."

"Maneno gani? Mimi niko na maneno elfu." Nikamwanzia ya chui. Nikaenda polepole, nikafika kwa mkia saa mbili baadaye.

Akatoka akisema kwa lango langu, watu wanasikia, "Huyu hajui kitu. Ni mdomo tu."

Nilimeza. Chui ilikuwa rahisi, hiyo ndiyo ilikuwa ngumu.

Akaenda akamtupia Mwende kidude. "Shemeji, wape watoto wachezee. Imeisha." Mwende akaanza kutafuta mtu wa kununua kile kibanda cha bluu.

Siku hiyo hiyo nikamwita. "Mwaitu, mama, njoo na hicho kidude. Usiulize." Tukaanza na tuta la juu, mimi nataja, yeye anaingiza. Tukafika kwa kumi na saba.

"Anko, hapa hakuna mti."

"Iko. Weka Umbrella."

"Una uhakika?"

"Mwaka mzima nimemwagilia hicho kisiki. Weka."

Neno la mwisho likaingia. Kidude kikafikiria, kikafungua. Kila kitu kiko. Mwende akakaa chini kwa tuta, akajifunika uso na leso. Nikageuka nikahesabu machungwa.

Mwende ameshanunua kidude kipya, bado na sili yake, akahamishia huko kila kitu. Hicho kiko na maneno mengine ambayo mimi siyajui na sitaki kuyajua. Kwa hivyo nyinyi mnaoniandikia inbox, "Anko, Anko," pumzikeni. Na kibanda hakiuzwi.

Muinde, najua unasoma. Chai iko. Matuta ni yale, salimia miti vile unataka.

Kyalo, leo asubuhi nimemwagilia kisiki tena. Mkono umezoea.

Lala salama, ndugu yangu. Wewe peke yako ulijua Anko anaweza kunyamaza, na nimenyamaza mpaka mwisho. Sasa niachie niongee.