Siku Niliyomwonjea Mama Pilipili

Siku ya tamasha la pilipili pale Majengo, mimi nilikuwa nimeshachoka kabla sijafika. Wiki nzima nilishinda hospitali na mama: foleni ya daktari, foleni ya vipimo, foleni ya dawa. Vidonda vya tumbo. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba pilipili sasa basi, hata tone, na mama akaitikia kwa kichwa kwa adabu zote. Nikajua hapo hamna kitu. Mwanamke aliyetwanga pilipili tangu usichana wake aiache kwa sababu ya kijana mwenye koti jeupe? Thubutu!

Na meza ya kuuzia pale tamashani alikuwa ameshaomba. Pilipili kichaa aliilima mwenyewe shambani kwake Kabungu, akaitwanga, akaikaanga kwa mawese, akaitia kwenye vichupa. Nilimsihi tusiende. Akasema watu wameshaambiwa. Haya, nikamwambia, twende, ila wewe utakaa kwenye kiti na mimi ndiye nitakayehudumia.

Kuhudumia hakukuwa tatizo. Tatizo ni desturi yetu. Wazazi wangu walitoka Burundi, na kwetu humpi mtu chakula wala kinywaji usichokionja wewe kwanza, machoni pake. Ukionja umemwambia kwamba kama kuna ubaya humo ndani, utaanza na mimi. Mama hajawahi kumkabidhi mtu kichupa bila kulamba kijiko. Sasa fikiria watu wote wale wa tamasha, na tumbo lile.

"Nitakuonjea mimi," nilimwambia. Akaenda kukaa kwenye kiti chake.

Basi nikaonja, mimi ambaye hata nyumbani pilipili naiangalia kwa mbali. Watu waliokuwa wamenunua dagaa wa Ikola meza ya jirani walikuja na sahani zao niwatoneshee kidogo. Kila anayekuja, nalamba, namtilia. Yeye anacheka na jasho lake, mimi nafuta machozi na kamasi. Ilipofika saa nane mdomo siusikii tena. Nilikuwa na hasira, sifichi. Hasira na jua, na spika zilizokuwa zinatupigia bongo fleva masikioni, na mama aliyekaa nyuma yangu bila hata kunipa pole.

Na sifa zote nazipokea mimi. Dada, mkono wako una baraka. Dada, umejifunzia wapi? Mwanzoni nilieleza kwamba ni kazi ya mama. Baadaye nikachoka kueleza, nikawa naitikia asante tu.

Jioni jioni akaja mama mmoja wa rika la mama yangu, akanisalimia kwa Kirundi. Alisema amesikia habari za pilipili yangu tangu getini. Kisha akachungulia nyuma yangu, akauliza kama yule ni mama yangu, nimemleta apunge hewa kidogo.

"Ndiyo," nikasema. Neno moja tu, la uchovu.

Nilipogeuka kuchukua kichupa nikamwona. Hakuwa amenuna. Alikuwa ameweka mikono mapajani, anatazama chini, kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Hapo ndipo akili ikanijia. Kwetu anayeonja ndiye mwenye chungu. Tangu asubuhi nilikuwa namnyang'anya mama yangu pilipili yake mbele ya watu, tena kwa huruma. Niliona aibu.

"Nipe kijiko, mwanangu," alisema.

Nilimkumbusha tumbo. Akaendelea kunyoosha mkono. Nilijua kabisa nitakachokuja kukiona, na bado nikampa.

Alisimama taratibu, akalamba, akameza. Akamtazama yule mwenzake usoni kwa muda, ndipo akamkabidhi kichupa kwa mikono miwili. Wakaanza kuongea pilipili, jinsi ya kuikausha, mawese ya wapi ni mazuri, na mimi nikakaa kwenye kiti. Nadhani nilisinzia.

Siku ya pili yake tulikuwa hospitali tena. Mama alikuwa amejikunja kwenye benchi, jasho linamtoka, na mimi sikuwa nimepata hata lepe la usingizi. Daktari alifoka. Alitaka kujua ni nani amempa mgonjwa pilipili, na alikuwa ananitazama mimi.

Nilifungua mdomo nikiri. Mama akanitangulia, tumbo kalishika kwa mikono yote miwili.

"Hakuna aliyenipa," alisema. "Ni yangu."