Tembo wa Kwenye Gemu

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi. Kompyuta ya steshenari hapa Mpanda ilinuka vumbi lililopata moto, nikakumbuka dada na binamu wakicheza gemu la vita vya mataifa kwa zamu, kwenye kompyuta ya nyumbani kwa baba mdogo. Walibishania askari maalumu wa nani wana nguvu zaidi: dada ana wapanda tembo, binamu ana wapiga mishale wapanda farasi. Mimi mdogo wao nikafanywa refa. Atakayeshindwa ubishi anaachia kiti cha kompyuta. Nikasema tembo.

"Wewe unawaza tembo waliomaliza mahindi yenu!" binamu akanicheka. "Hawa wa kwenye gemu wazito, mishale inawawahi."

Nikaona, nadhani kwa haki, kwamba nimempendelea dada. Nikageuza uamuzi, nikangoja kofi la dada. Akainuka tu: "Haya refa, umeniponza."

Namshukuru hadi leo, maana jioni ile tulikula ugali kwa migebuka, na bado akanimegea samaki wake.