Dada Yangu Aliyepita Juu ya Kanisa

Dada yangu Zélie alijifunza kurusha ndege mwaka 1910, wakati hata daktari wetu alikuwa bado anakwenda kwa farasi. Kazi yake ilikuwa ushonaji. Alishona kitani cha kufunika mabawa ya ndege kwenye uwanja wa Bwana Fourcade, mwalimu wa urubani, nje ya kijiji chetu katika tambarare ya Beauce, mpaka siku Bwana Fourcade alipotafuta mwanafunzi mwepesi wa mwili, akamwambia apande yeye.

Ndege za wakati ule ziliruka alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Zélie alikaa peupe, sketi kaifunga kamba miguuni isimpeperukie usoni, maana mwanamke kuvaa suruali ilikuwa balaa. Siku ya mtihani alitua mita kumi tu kutoka kwenye alama. Akarukaruka mpaka nyumbani na cheti chake, sketi bado ina kamba.

Mama alikuwa anamenya viazi, akaitupia jicho sketi. "Gunia hilo kalifunga nani?"

"Mama, nimefaulu! Kesho napita juu ya kanisa. Toka nje unione."

"Nitoke nikuone ukivunjika shingo? Thubutu!"

Na kweli hakutoka. Miaka minne Zélie alizunguka kanisa, kijiji kizima kimekodoa macho juu, padre akiwemo, isipokuwa mama. Nilimkasirikia sana, tena sijui kama hasira hiyo imeisha. Zélie alipewa maua mjini Orléans na kombe mjini Tours, akaviweka mezani. Alichotaka ni mtu mmoja tu ainue kichwa.

Vita vikaja. Jeshi likachukua ndege zote, na wanawake wakakatazwa kuruka. Zélie akarudia sindano, akiwashonea wanaume mabawa; mama hakuambiwa lolote kuhusu katazo hilo. Asubuhi nilimkuta uani kasimama tu, kahawa imempoa mkononi. Aliitamani anga mpaka akakonda.

Mwaka wa pili wa vita mama aliugua kifua. Jioni moja Zélie alikuwa akimlisha supu ya vitunguu, mama akamshika mkono.

"Mwanangu, mbona siku hizi hupiti?"

"Nipite wapi, mama?"

"Juu ya kanisa. Nilikuwa najificha kule nyuma kwenye kabichi, nakutazama toka unachomoza mpaka unatua. Niliogopa ukijua utazidi kupanda. Hebu pita mara moja tu, kabla sijaenda."

Zélie akampa kijiko kingine, akamfuta kidevu.

"Kesho asubuhi, mama," akasema. "Ila usitoke bila shali."