Mataa ya Mama na Ukungu wa Kyondo

Mama alijifunza kuendesha gari akiwa tayari ana wajukuu. Baba alipofariki alituachia gari dogo la mizigo, usukani wake upande wa kuume kama magari mengi yanayotufikia Butembo kupitia Uganda. Ndugu za baba walishauri liuzwe. Mama akakataa. Alimwomba dereva mmoja, jirani yetu wa Bulengera, amfundishe kwenye uwanja wa mpira nyuma ya parokia, akapata permi yake ya kuendesha, na kabla mvua hazijakwisha alikuwa akishuka mwenyewe mpaka Kyavinyonge, kando ya ziwa, kununua tilapia kwa wavuvi. Mimi, binti yake mkubwa, nilikuwa namsaidia kuuza, kwa hiyo nilipanda naye kila safari.

Shida yetu ilikuwa mataa. Vioo vyake vilikuwa vimezeeka, rangi kama mafuta ya mawese yaliyoganda. Asubuhi tulipopanda milima ya Kyondo na mzigo wa samaki, ukungu ulitumeza. Mama aliuona ukingo wa barabara tu, maana usukani uko upande huo. Mimi niliyekaa upande wa katikati nilitoa kichwa dirishani, nikawa namwambia, "Njoo tu, hakuna mutu," au, "Ngoja, kuko camion!" lori likitokea.

Siku moja fundi wa garage alimwambia mama, "Mama, tukutilie ampule mupya, zile nyeupe kabisa. Batu wote banazitia. Utaona mpaka Uganda!"

Mama akacheka, akakubali balbu hizo mpya. Kwenye tambarare ya ziwa, alfajiri ile ya kwanza, tulifurahi kweli: tuliona hata mbuzi waliolala mbali kando ya njia. Lakini tulipoingia ukunguni, mwanga ulirudi machoni petu kama mtu aliyetundika shuka jeupe mbele ya gari. Mama akapunguza mwendo. Pale kwenye kona, pikipiki ikatokea ikishuka. Dereva wake aliinua mkono kuficha uso, pikipiki ikayumba, ikaacha barabara, ikaingia katika shamba la maharage.

Tuliruka nje. Kijana alikuwa amekaa kwenye matope, mzima, anajipangusa magoti. Nyuma yake alikuwa amebeba mama mmoja wa kwenda shamba, naye alikuwa mzima, anatafuta kiatu chake.

"Pole, mwanangu," mama yangu alimwambia kijana. "Umeumia?"

"Hapana, mama. Lakini sikuona barabara. Niliona jua tu."

Tulisaidiana kuisukuma pikipiki mpaka barabarani. Kisha mama aliniambia nikae nyuma ya usukani, niache mataa yakiwaka vilevile. Akatembea mpaka pale kijana alipokuwa amefika tulipokutana, akageuka, akasimama akilitazama gari letu. Niliona kitenge chake tu ndani ya ule weupe. Aliporudi, macho yake yalikuwa yanatoka machozi.

"Kumbe njo vile tunawapiga batu mu macho," alisema. "Tungoje hapa."

Tulingoja mpaka ukungu ukapanda. Tulifika sokoni wateja wakiwa wamekwisha nunua kwa wengine.

Kesho yake mama alivaa kitenge cha Misa akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya rulaje, polisi wa barabarani. Askari aliyempokea alishangaa, kwa sababu watu huwa wanamkimbia. Mama alimwuliza sheria inataka nini kwenye mataa. Yule askari akamweleza vizuri: mbele nyeupe au manjano, nyekundu ibaki nyuma, ukikutana na mtu, ushushe mwanga, yaani utie kode, na kode isimpofushe mwenzako. Kisha akamwambia jambo tulilokuwa hatulijui. Mataa ya gari letu yalitengenezwa kwa nchi ambako magari yanapita upande wa kushoto, kwa hiyo hata kode yake ilinyanyua mwanga kushoto. Kwetu tunapita kuume, na kushoto ndipo uso wa anayekuja. Ile ampule kali ilizidisha tu ubaya uliokuwepo.

Mama alirudi garage akatoa ampule zile. Madereva wa parking walimcheka. "Mama anaogopa mwangaza!" mmoja alipiga kelele. Mama aliagiza mataa mazima, yale ya nchi za kupita kuume, kwa mfanyabiashara wa mjini anayeleta vipuri. Wakati tukiyangoja, hatukutoka ziwani mpaka milima iwe wazi. Wateja wengine walituacha. Nililalamika, na mama akanijibu, "Samaki nitauza kesho. Mutu hapana kumuuza."

Mataa yalipofika, hakutosheka na kufungiwa tu. Alilisimamisha gari mbele ya ukuta wa nyumba yetu, mahali palipo sawa, akapakia magunia ya mihogo nyuma, kwa sababu mzigo ukishusha mkia wa gari, mataa yanatazama juu. Akachora mstari wa chaki ukutani, fundi akazungusha visi, skrubu za mataa, polepole mpaka kode ikalala chini ya mstari, ikipanda kidogo upande wa kuume, kwenye ukingo wa barabara. Safari iliyofuata, ukunguni, mwanga ulitambaa chini kama maji. Nilifunga dirisha langu. Pikipiki zilitupita bila mtu kuinua mkono.

Baadaye tulianza kupeleka samaki Beni. Mchana mmoja, mvua imetia giza mjini, tulisimamishwa pa kuingilia kwenye kontrole ya mataa. Askari alikuwa mtu wa jimbo jingine, Kiswahili chake kimechanganyika na Lingala.

"Mama, tia kode. Sasa fare. Tena kode." Mama akashusha mwanga, akaupandisha, akaushusha tena. Askari alisimama mbele ya gari, akachuchumaa, akasimama tena. "Nani alikupangia mataa hii?"

"Miye mwenyewe, na fundi wangu," mama alijibu.

Askari akageukia mstari wa magari nyuma yetu, wanaume tupu kwenye usukani. "Bachauffeur, mukuye huku! Muone mataa ya mama!"

Walikuja wakikanyaga madimbwi, mmoja akicheka, wengine wakiinama kutazama. Mama alishuka. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo. Alipofika kwenye habari ya magunia ya mihogo, alikuwa ananyoosha kiganja hewani kuonyesha mwanga unapotakiwa kulala, na yule aliyecheka alikuwa anamwuliza swali la pili.

"Mama, samaki zitaoza!" nilimwita.

"Zingoje!" alijibu bila kugeuka.

Nilibaki ndani ya gari, harufu ya ziwa imenijaa nguoni, nikimtazama mama yangu amesimama kwenye mvua katikati ya wale madereva. Mwanamke wa gari la nyuma, abiria, aliniuliza kupitia dirishani, "Ule ni nani?"

"Ni mama yangu," nilisema, na nikarudia kwa sauti zaidi, asije akasikia vibaya.