Salamu za Baba kwenye foni

Mtu wa maneno mengi hunichemsha damu, na najua ni tangu lini. Wakati wa vita hatukuwa na simu Kindu. Tulikuwa na foni, redio ya mawasiliano iliyowekwa katika chumba kimoja huko Kasuku, ikitumia betri ya gari. Asubuhi moja tulisikia kwamba watu wenye silaha wameshika barabara ya Kibombo. Dada yangu alikuwa ameolewa kijiji cha Tunda, na kesho yake angetoka na binti yake mchanga kuja kwetu kwa barabara hiyo. Tulikuwa na neno moja la kumwambia: asitoke.

Nikaenda na Baba, na mwenye foni akatuonya kwamba betri imechoka. Dada akaitika kwenye foni ya Tunda. Lakini kwetu habari mbaya haitolewi kabla salamu hazijaisha, na Baba alikuwa mtu wa adabu. Akauliza mume ameamkaje, mguu wa mama mkwe, mihogo, mbuzi mwenye mimba. Dada akajibu kimoja kimoja, naye akauliza ya kwetu. Nilimvuta Baba shati. Mwenye foni akanyoosha vidole vya dakika zilizobaki: viwili, kisha kimoja.

"Mwambie, Baba," nikasema.

"Ngoja kwanza, mama. Sijamusalimia mutoto."

Taa ndogo ya redio ikazimika.

Mtoto alitufikia baada ya majuma mengi, mgongoni mwa jirani waliyesafiri naye. Dada hakufika. Baba alizikwa sijamsamehe, na sioni haya kulisema.

Mtoto yule sasa ni mama mzima, anauza mawese Tunda. Mimi humwandikia maneno matatu, manne, basi. Juzi nilimpigia nikamwambia moja kwa moja kwamba daktari amenikuta na uvimbe.

"Mama mudogo," akasema, "unaniambia vile, hata haujanisalimia?"

Hasira ikanipanda. Nikamwambia ni salamu zilizomuua mama yake. Alijibu polepole.

"Yule jirani aliniambiaka. Mu njia yote mama alikuwa anacheka, anasema: babu hakumusalimia huyu mutoto, ninamupeleka amalize salamu yake. Hiyo njo kitu moja tu niko nayo ya mama."

Nilitazama simu; chaji ilikuwa karibu kwisha. Nikamuuliza mume wake ameamkaje, halafu watoto, mmoja mmoja.