Mgeni Aliyesubiri Msiba

Mtaani kwetu Kiembe Samaki naendesha kundi la WhatsApp la kutangazia misiba. Mtu akifariki naandika nyumba, msikiti na saa ya kuzikwa, basi. Sisi huzika siku hiyo hiyo, na watu hunipa habari ya maiti wao wakiamini kuwa haitachezewa.

Akaja bwana mmoja, akasema nimependekezwa kupewa tuzo ya wanaosaidia jamii kwa simu. Nilimuuliza nani kanipendekeza, akazunguka tu. Alitaka kurekodi video ya kundi likiwa kazini, kuanzia tangazo mpaka makaburini.

"Lakini hajafa mtu," nikamwambia.

"Tutasubiri."

Akapanga chumba Mji Mkongwe, na kila asubuhi akanipigia: "Bado?" Wasiwasi wangu ukazidi. Mwisho akauliza kama mtaani hakuna mgonjwa mahututi, ili ajitayarishe mapema.

Shangazi yangu alikuwa hoi kitandani, hapo hapo nilipokaa, na simu nilikuwa nimeiweka sauti kubwa.

"Nani huyo?" akauliza shangazi.

"Mtu wa tuzo, shangazi. Anatafuta mgonjwa."

"Mwambie mie nshapona. Na kama ana haraka ya maiti, aanze kwao!"

Yule bwana alisikia kila neno, akaanza kueleza kuwa hakukusudia hivyo. Nilimwambia afute jina langu, nikakata simu.

Shangazi akaomba uji, kitu ambacho hakuwa amekigusa tangu juzi. Nikaenda kumpikia.